Dohani ya Mzee Ngusa

Daktari hakuanza kwa kuuliza mtoto anaumwa nini. Aliuliza wanapikia wapi.

Mama yake, Hana, alijibu kwamba wanapikia ndani, kwenye chumba cha jiko. Daktari akataka kujua kama ukuta wa chumba hicho umefika hadi kwenye bati. Haujafika, Hana akasema, umeishia chini ya kenchi kama nyumba nyingi za mtaa wao, na dari hawajapiga. Daktari, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. Mtoto, Sikujua, alikuwa amepakatwa na mama yake, mgongo ameuinamisha mbele, mabega yakipanda kila alipovuta pumzi. Alikuwa na miaka minne, na masika ile walikuwa wamefika pale hospitali mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa getini alimwita kwa jina.

"Kifua cha huyu mtoto hakitaki moshi, mama," daktari alisema. "Nitakuandikia dawa ya kuvuta. Nikimlaza atapata nafuu. Mkirudi nyumbani mkawasha kuni, mtamleta tena, na kuna siku mtachelewa."

"Mvua inanyesha, daktari. Nje sina pa kupikia."

"Najua inanyesha," alisema, akamwita mgonjwa mwingine.

Nyumba yao ilikuwa Mpanda mjini, kwenye kiwanja ambacho ukifungua dirisha la nyuma unagusa ukuta wa jirani. Mbele ni barabara. Kiangazi Hana alipikia barazani, lakini baraza lilikuwa jembamba na mvua za huko hupiga kwa ubavu, kwa hiyo masika ilipoanza alirudi ndani. Kuacha kupika hakukuwezekana. Maandazi yake ndiyo yaliyolisha ile nyumba. Mumewe, Aloyce, aliendesha pikipiki ya mtu, na akishampa mwenye pikipiki hesabu yake ya siku, alichobaki nacho kilitosha vocha na sabuni. Gesi walishaijaribu. Mtungi mdogo waliochukua kwa Sauda, mwenye duka la mkabala, uliisha kabla hata ya maandazi ya juma moja, maana karai la mafuta halina huruma.

Sauda ndiye aliyesema neno la bomba la moshi. Aliwahi kuona moja la matofali kwenye nyumba ya zamani ya wamisheni, moshi wote unapanda juu, jikoni unakaa na shuka nyeupe. Aloyce akaanza kuulizia. Mafundi wa mjini walijenga nyumba, fremu na vyoo. Hakuna aliyewahi kujenga kitu hicho kwenye nyumba ya kuishi. Wote walimtajia mtu mmoja, Gaspar, fundi wa mabani ya tumbaku. Bani ni kile kibanda kirefu ambamo mkulima hukaushia majani ya tumbaku kwa moto. Kwa mabani, Gaspar alijulikana wilaya nzima. Alikuwa na mkoba wa ngozi wa kuwekea vifaa, na watu walimwita mtaalamu.

Aloyce alimpigia baba yake aliyeishi Majimoto. Mzee Ngusa alisikiliza bila kukatiza. Halafu akasema mtoto hawezi kukosa pumzi kwa ajili ya matofali, atamuuza mtamba wake, yule ng'ombe jike ambaye hajazaa.

Mtamba alikuwa wa Sikujua. Babu alimtengea siku ya kuzaliwa, akawa anamtaja kwa jina la mjukuu kila anapohesabu mifugo. Alimpeleka mnadani mwenyewe, kisha akapanda basi kuja Mpanda na fedha kiunoni, ili azione zinavyogeuka kuwa dohani. Hilo ndilo jina la bomba la moshi alilolitumia Gaspar, na wao wakalichukua kwa sababu lilisikika kama kitu cha thamani.

Mzee alikaa siku zote za ujenzi. Alilala kwenye kochi sebuleni. Zaidi ya sebule hakupita. Kwao, baba mkwe haingii chumba anacholala mkamwana, hata kama kuna nyoka humo. Atamwita mtu mwingine amuue. Hana, ambaye ni Mpimbwe kwa kabila, aliipenda desturi hiyo alipoolewa. Aliwajua wanawake ambao wakwe zao hawakuwa na adabu hata ya kubisha hodi.

* * *

Gaspar alipima kwa hatua, akagonga ukuta kwa kidole, akatoka nje kutazama paa. Kisha akaeleza. Jiko litakaa hapa. Moshi hautapanda hapo hapo. Utaingia kwenye mfereji wa matofali utakaolala chini, upite kwenye ukuta wa chumba cha kulala mpaka pembe ya mwisho, ndipo upande.

Hana alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga. Aliuliza kwa nini usipande moja kwa moja.

"Ukipanda moja kwa moja unatupa joto, mama Siku."

"Joto silihitaji. Nataka moshi utoke."

"Moto hausafiri hivyo. Moto unatembezwa kwanza, unachoka, ndipo unatolewa." Alimgeukia Mzee Ngusa aliyekuwa kwenye kiti sebuleni, mlango ukiwa wazi. "Mzee, nyumba hii itakuwa na joto masika yote. Mtoto wa kifua anataka joto."

Hilo la mwisho lilimwingia mzee. Hana akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama mfereji hautavuja moshi chumbani. Gaspar akacheka, cheko la mtu anayevumilia.

"Mama Siku, mimi nimejenga mabani mengi kuliko maandazi uliyochoma."

Aloyce naye alicheka. Mzee Ngusa hakucheka, alisema tu kwa upole, "Mwache fundi afanye kazi yake, mkamwana." Hana akarudi kukanda unga.

Ukweli ni kwamba Gaspar hakuwa tapeli. Alijenga kwa bidii na kwa ustadi, akachagua tofali moja moja, akayaunga kwa udongo wa kichuguu kama inavyotakiwa, kwa sababu saruji hupasuka kwenye moto. Alijenga bani. Ndilo alilolijua. Kwenye bani joto ndilo mali na moshi ukivuja kidogo haumdhuru mtu, kwani hakuna anayelala humo isipokuwa tumbaku. Na mabani hujengwa kiangazi, udongo ukapata jua la kutosha. Dohani ya kwao ilijengwa mvua ikigonga bati, na udongo ukakauka juu juu tu.

Siku ya kuwasha, majirani walijaa barabarani na miamvuli. Moshi ulitoka juu ya bati, mweupe, ukalegea na kuelekea kwa Sauda. Watu wakapiga makofi. Aloyce alipiga picha, baba yake amesimama chini ya dohani na fimbo, akaituma kwenye kundi la ukoo. Kabla ya jioni ndugu wa Majimoto, wa Magamba na hata wa Shinyanga walikuwa wameshaandika pongezi. Mmoja aliandika kwamba huyo ndiye babu. Mzee Ngusa aliomba asomewe hayo mara ya pili. Kesho yake akapanda basi kurudi kwa mifugo yake, amevaa kofia vizuri.

Nyufa zilianza siku ileile alipoondoka. Udongo ulipashwa moto ukasinyaa, na kila kiungo cha mfereji uliolala kando ya kitanda kikafungua mdomo. Jikoni kweli moshi ulipungua. Ulihamia chumbani. Hana alikuta chandarua kimekuwa na rangi ya chai na Sikujua amekaa katikati ya kitanda, mikono ameitegemeza magotini, anavuta pumzi kwa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta.

* * *

Aliziba nyufa kwa udongo na majivu. Zikafunguka. Akaziba kwa matambara mabichi, yakaungua. Aloyce akampigia Gaspar, naye hakukataa kuja. Aliinama chumbani, akapitisha kiganja juu ya mfereji, akakinusa.

"Hiyo itajiziba," alisema. "Masizi yenyewe yataziba. Bani jipya huwa hivyo msimu wa kwanza."

"Msimu mzima?" Hana aliuliza.

"Mnatumia kuni gani?"

Hana alimwonyesha. Zilikuwa kuni za masika, kama za kila mtu Mpanda, mbichi kwa ndani.

"Basi mnaona wenyewe," Gaspar alisema, akasimama na kujipangusa magoti. "Dohani haina kosa. Kuni hizi zingemtoa machozi hata shetani."

Hana alitaka mfereji ubomolewe, matofali yaleyale yapandishwe wima pale pale jikoni. Gaspar alisema hilo linawezekana, lakini anayeweza kumwambia avunje ni yule aliyemwajiri. Hawezi kuvunja kazi ya Mzee Ngusa kwa neno la mwanamke wa nyumba. Akiwa bado barazani alimpigia mzee na kumweleza habari za kuni, kwa heshima zote, spika ya simu ikiwa wazi hivi kwamba Hana alisikia jibu kutoka Majimoto. Mzee alisema amwambie kijana wake anunue kuni kavu, mke wake asihangaishe watu.

Gaspar alipoondoka, Hana alimkabili mumewe. Mpigie baba. Mwambie ukweli.

Aloyce alikuwa anafunga kamba za viatu. Alisema baba ameshaambiwa iko vizuri.

"Umemwambia wewe."

"Nilimwambia siku ya kwanza. Ilikuwa vizuri siku ya kwanza."

"Na leo?"

"Hana, yule mzee amemuuza ng'ombe wa mtoto. Kundi zima la ukoo limeona picha. Sasa mimi nimpigie nimwambie nini, kwamba ng'ombe ameliwa na ukuta?"

Alitoka. Pikipiki ilikataa kuwaka mara ya kwanza, ikawaka.

Hana aliacha kutumia dohani bila kutangaza. Alifunga turubai barazani kwa kamba za katani, akaweka jiko la mkaa chini yake. Mkaa wa masika ni ghali na karai halikupata moto wa kutosha, kwa hiyo maandazi yalikunywa mafuta. Wenye vibanda walianza kuyarudisha. Mwalimu mmoja aliyekuwa akichukua ya wanafunzi alimwambia bila kuficha kwamba siku hizi yanashika meno. Upepo ukipiga, turubai lilimwaga maji karaini, mafuta yakaruka; mkono wake wa kushoto ulipata madoa. Lakini Sikujua alianza kulala amejilaza. Siku moja alikimbia kutoka mlangoni hadi barabarani na kurudi, kisha akasimama kusikiliza kifua chake mwenyewe, kama anayesubiri mgeni ambaye hakuja.

"Angalau," Sauda alisema kutoka dukani kwake.

"Angalau," Hana alisema.

Haikudumu. Dereva mmoja wa pikipiki wa Majimoto alipita na abiria, akaona turubai na jiko la mkaa mbele ya nyumba yenye dohani. Alikuwa na mdomo. Habari ilimfikia Mzee Ngusa mnadani, mbele za watu. Mtu alimuuliza kama ile dohani aliyouzia mtamba ilikuwa ya kupikia au ya kupigia picha.

* * *

Walikuja watatu: Mzee Ngusa na wazee wawili wa ukoo. Mmoja wao, Wiliam, ndiye aliyesimamia mahari ya Hana na bado alikumbuka rangi ya kila ng'ombe. Walikuja pia na dada yake Mzee Ngusa, Mariana, mjane, mwenye begi la nguo. Hana aliliona lile begi kabla ya kuona kitu kingine.

Aliwapigia magoti, akawapa maji. Mzee Ngusa alimwita Sikujua, akamketisha kando yake, akampa chupa ya maziwa aliyoibeba tangu nyumbani. Alimfungulia kizibo mwenyewe. Alimpenda yule mtoto. Mtu yeyote angeona.

Wiliam ndiye aliyesema. Wamesikia kazi ya mzee wao imedharauliwa. Hawakuja kugombana, wamekuja kuelewa. Kwa nini mkamwana anapika kwenye mvua wakati ameshajengewa?

Hana alieleza. Alieleza nyufa, mfereji, chandarua. Alisema jikoni hakuna shida, shida iko chumbani, na kwamba tangu aache kuwasha mtoto anapumua. Aliongea akitazama sakafu kama inavyopasa, na sauti yake haikupanda. Wazee walisikiliza. Alipomaliza, Wiliam alisema fundi amewaambia ni kuni.

"Fundi anajenga mabani, babu. Hapa wanalala watu."

"Kwa hiyo wewe unajua kuliko fundi."

"Najua chumba changu."

Lilikuwa neno kali kwa ukumbi ule. Hana akaona hana kitu kingine cha kupoteza kwa upande huo. Alimgeukia baba mkwe wake.

"Baba, naomba uingie uone. Moto nitauwasha sasa hivi, mtoto akae nje. Uingie chumbani uone kwa macho yako."

Mzee Ngusa aliinua kichwa. Alitazama pazia la chumba, kitambaa cha maua kilichofifia, mita chache tu kutoka kwenye kiti chake. Wangekuwa wawili tu ndani ya nyumba ile, yeye na mwanawe, labda angeingia. Alishaanza kushika fimbo yake. Mariana akaguna.

"Unamwita mkweo chumbani kwako?" alisema. "Mbele za watu?"

Wiliam alitazama ukuta. Yule mzee mwingine alikohoa kwa aibu. Mzee Ngusa aliiachia fimbo, ikaegemea tena kwenye kiti.

"Hayo hayasemwi, mkamwana," alisema taratibu, karibu kwa kumwonea huruma. "Mimi siwezi kuingia humo. Lakini yupo anayelala humo. Aloyce."

Aloyce alikuwa amesimama mlangoni.

"Wewe unalala humo. Moshi upo?"

Hana hakumtazama mumewe. Alitazama miguu yake, vidole vikijikunja ndani ya ndala. Aloyce alimtazama baba yake, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na ambaye alikuwa anangoja jibu kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali. Akamtazama Wiliam.

"Upo kidogo, baba," alisema. "Wa kawaida. Wa kuni."

Mzee Ngusa alishusha pumzi. Baada ya hapo hakukuwa na la kujadili. Wiliam alisema vijana wa siku hizi wana haraka, masizi yataziba kama fundi alivyosema. Kwa kuwa Hana amechoka na biashara na mtoto mgonjwa, wameona shangazi Mariana akae nao amsaidie jikoni. Mariana anajua kuni. Turubai likunjwe, linaifanya nyumba ionekane ya wakimbizi.

"Na sasa uwashe," Wiliam alimalizia, "wazee wauone moshi kabla ya basi kuondoka."

Hana alimbeba Sikujua akavuka naye barabara hadi kwa Sauda. Sauda alimpokea bila swali, akamweka kwenye gunia la mchele nyuma ya kaunta. Mchana angeweza kumkalisha pale, lakini usiku hapakuwa na pa kumlaza: nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba kimoja, mume, na watoto wa dada yake wanaolala chini kwa kupokezana mkeka. Wote wawili walilijua hilo na hawakulitaja.

Akarudi, akapanga kuni, akawasha. Wazee walitoka wakasimama barabarani, nyuso wameziinua. Moshi ulichelewa. Wiliam aliita kupitia mlangoni aongeze kuni, haujaonekana. Akaongeza. Wakaita tena, akaongeza tena, akapuliza, machozi yakimtoka, hadi aliposikia kelele za kuridhika nje na sauti ya mtu mmoja akisema, ule pale. Nyuma ya ukuta, chumbani, pazia la maua lilikuwa linafuka kama chungu.

* * *

Wazee waliondoka na basi la mchana. Mzee Ngusa alimpa Hana mkono wa kwaheri, akamshukuru, akamwambia asimchukie, ukoo una mambo yake. Hana akasema, safari njema baba.

Mariana hakuwa mwanamke mbaya. Alipika haraka, alifagia bila kuambiwa, na alipoona chandarua alikitoa akakifua. Alipomsikia Sikujua akikohoa alisema watoto wote wa masika wanakohoa. Wake watano walikohoa. Wawili walikufa, aliongeza, lakini hiyo ilikuwa zamani.

Jioni Sauda alifunga duka, akamvusha Sikujua barabara kwa mkono na kumkabidhi kwa mama yake. Hana aliketi naye barazani, kwenye benchi, khanga moja wamejifunika wawili. Turubai lilikuwa limekunjwa pembeni. Ndani Mariana alikuwa anasonga ugali, na moshi ulipita chini ya mlango ukawafikia miguuni. Mtoto alivuta miguu yake juu ya benchi.

Aloyce alitoka, akasimama. Alisema chakula kiko tayari.

"Tutakula hapa," Hana alisema.

"Mvua inakuja."

"Naiona."

Alisimama kidogo zaidi, kama mwenye neno, kisha akarudi ndani. Mariana aliita mara moja, mara ya pili akaita kwa jina la mtoto. Mvua ilianza upande wa kwa Sauda, ikavuka barabara, ikafika kwenye ukingo wa baraza. Hana alisogeza benchi nyuma mpaka likagusa ukuta. Ukuta ulikuwa wa moto.

"Mama, tukae hapa hapa," Sikujua alisema.

"Tutakaa."

Walikaa. Upepo ulipogeuka na mvua ikaanza kuwapiga usoni, Hana alimbeba wakaingia ndani.